Wiski changa ya rai ndani ya mapipa ya divai: ladha ya kweli ao nguo ya kuazima?

Katika maduka ya pombe ya miji ya Marekani kama Louisville, Baltimore ao Denver, rafu ya wiski ya rai haifanani tena na ile ya miaka 30 iliyopita. Wakati ule ilibeba chupa chache za bei ya chini, zilizofunikwa na vumbi. Leo imejaa, na nyingi kati ya chupa hizo zina rangi ya shaba inayoelekea wekundu. Kwenye lebo maneno ni karibu yaleyale: wiski ya rai iliyomaliziwa katika mapipa ya porto, ya sherry, ya madeira, ya Cabernet. Umri, pale ulipoandikwa, mara nyingi uko nyuma ya chupa na kwa herufi ndogo: miaka miwili, miaka mitatu.

Chupa moja ya namna hiyo hupita dola 60 za Marekani bila shida. Kwa hiyo swali la mnunuzi ni la pesa kabla ya kuwa la ladha. Je, divai ile imeongeza kitu kwenye wiski, ao imefunika tu ujana wake?

Rai ni nafaka ndugu ya ngano, ile ambayo Wafaransa huiita seigle na ambayo Wajerumani, Wapolandi na Warusi hutengenezea mkate mweusi. Inavumilia baridi na udongo mbovu kuliko ngano. Wahamiaji, wengi wao kutoka Ujerumani, waliipanda Pennsylvania na Maryland, na kwa sababu kusafirisha magunia ya nafaka kupitia milima kulikuwa kazi ngumu, waliipika kuwa pombe. Pipa moja la pombe lilibeba thamani ya magunia mengi. Mkulima yeyote wa Masisi ao Kalehe anayejua hali ya barabara wakati wa mvua ataelewa hesabu hiyo bila kuelezwa.

Pombe hiyo ilikuwa na uzito hata katika siasa. Mwaka wa 1791 serikali changa ya Marekani iliweka kodi juu ya pombe kali. Wakulima wa magharibi ya Pennsylvania walikataa, na mwaka wa 1794 Rais George Washington alikusanya askari wapatao 13,000 ili kuzima uasi wao. Miaka mitatu baadaye, Washington huyohuyo akawa mpikaji. Msimamizi wa mashamba yake, Mskoti James Anderson, alimshawishi kujenga kiwanda pale Mount Vernon. Mwaka wa 1799 kilitoa galoni karibu 11,000, sawa na lita zaidi ya 41,000. Mchanganyiko ulikuwa rai asilimia 60, mahindi asilimia 35 na shayiri iliyooteshwa asilimia 5. Waliofanya kazi kwenye mitambo, katika joto na moshi, walikuwa watumwa, jambo ambalo kwa muda mrefu hadithi tamu za wiski ya Marekani zililiruka.

Wiski ya Mount Vernon haikukaa miaka katika pipa. Ilitoka kwenye mtambo na kuuzwa ikiwa nyeupe kama maji, sawa na lotoko inavyouzwa hadi leo katika mitaa ya Congo. Yule anayefikiri kwamba wiski changa ni ujanja wa karne hii amekosea kwa zaidi ya miaka 200.

Sheria inasema nini

Leo sheria ya Marekani ni kali juu ya jina. Ili chupa iitwe wiski ya rai, angalau asilimia 51 ya nafaka yake lazima iwe rai. Pombe haipaswi kupikwa kupita asilimia 80 ya alkoli, kwa sababu ikipita hapo inapoteza sura ya nafaka yake. Inaingia katika pipa ikiwa na asilimia 62.5 ao chini yake, na pipa hilo lazima liwe jipya, la mwaloni, lililochomwa moto ndani mpaka likawa na ngozi ya makaa. Chupa haiwezi kuwa chini ya asilimia 40. Ikikaa miaka miwili ao zaidi bila kuongezwa rangi wala ladha, inaruhusiwa kuongeza kwenye jina lake neno “straight”. Na ikiwa haijafika miaka minne, umri wake ni lazima uandikwe.

Hapo ndipo mapipa ya divai yanapoleta utata. Pipa la divai si jipya. Wiski ikihamishiwa humo kwa miezi sita, miezi hiyo haihesabiwi katika umri wake kama rai. Kinyume na vile wanywaji wengi wanavyofikiri, kumalizia hakuifanyi wiski kuwa mzee kisheria. Rai ya miaka miwili iliyolala mwaka mzima katika pipa la porto bado ni rai ya miaka miwili, na lebo inapaswa kueleza wazi kwamba imepita katika pipa la pili.

Kuhamisha wiski hivyo hakukuanzia Marekani. Watu wengi wa kazi hii humtaja David Stewart wa kiwanda cha Balvenie, Scotland, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitoa wiski katika mapipa yaliyowahi kubeba bourbon na kuilaza katika yale ya sherry. Miaka ya 1990 Glenmorangie ikaieneza desturi hiyo kwa mapipa ya porto na mengineyo. Wamarekani waliichukua kwa nguvu baadaye, wakati rai ilipofufuka.

Maana rai ilikuwa karibu kufa. Marufuku ya pombe kati ya 1920 na 1933 ilifunga viwanda vingi vya Pennsylvania na Maryland, na baada ya hapo watu walizoea vinywaji vyepesi zaidi. Iliyobaki ilipikwa zaidi Kentucky, kwa kiasi kidogo, na huko Lawrenceburg, jimbo la Indiana, ambako kampuni ya Seagram ilikuwa na rai ya asilimia 95 iliyotumiwa kuchanganywa na pombe nyingine. Waliofufua rai ni wahudumu wa baa. Mwanzoni mwa karne hii walirudi kwenye vinywaji vya zamani kama Manhattan, na Manhattan kwa asili ni wiski pamoja na vermouth tamu, ambayo ni divai yenye viungo. Ndoa ya rai na divai, basi, ilifungwa ndani ya glasi miaka mingi kabla haijafungwa ndani ya pipa. High West, kampuni ya Utah iliyoanzishwa mwaka wa 2006, iliwahi hata kumalizia rai yake katika mapipa ya vermouth na ya Syrah. Rai yake nyingine, iliyomaliziwa katika mapipa ya porto, inangojewa na wapenzi wake kila mwaka majira ya baridi yanapokaribia.

Kinachotokea ndani ya pipa

Rai inasumbua tangu siku ya kwanza. Ikichanganywa na maji ya moto inanata kama ubwabwa uliozidi, inatoa povu, inaziba mabomba. Wapikaji wengi huongeza vimeng'enya ili kuilegeza. Lakini inalipa taabu hiyo kwa ladha: pilipili manga, karafuu, mnanaa, wakati mwingine kitu kinachofanana na mkate uliotoka sasa hivi kwenye oveni. Ladha hizo zinatoka kwenye nafaka yenyewe na zinasikika hata pombe ikiwa changa. Ndiyo maana wapikaji wengi husema rai inaweza kunywewa mapema kuliko bourbon, ambayo bila mti haina mengi ya kusema.

Pipa jipya lililochomwa linatoa vanila, karameli, rangi, na ule ukakasi unaokausha ulimi kama chai iliyokolea. Makaa yake yanachuja baadhi ya harufu mbaya za pombe mbichi. Muda unafanya lile ambalo moto hauwezi: hewa inaingia polepole kupitia mti, harufu kali zinaungana na kulainika. Hakuna pipa la divai linaloweza kuchukua nafasi ya kazi hiyo ya mwisho, na hapa wauzaji wengi hunyamaza.

Pipa la kawaida la wiski ya Marekani lina ujazo wa lita 200 hivi. La divai ya Bordeaux lina 225, na yale makubwa ya porto yanafika lita 550. Ndani kwa kawaida limekaushwa tu kwa moto wa polepole, halikuchomwa mpaka makaa, na ubao wake umekunywa divai. Pipa likifika likiwa bado bichi, lita kadhaa za divai ziko ndani ya mbao. Wiski inapoingia, inazivuta. Kwa hiyo sehemu ya kile ambacho mnywaji anasikia ni divai halisi, nyingine ni mti wa Ulaya wenye ukakasi zaidi, na nyingine ni hewa.

Kuna hatari pia. Watengenezaji wa divai huchoma kiberiti cha unga ndani ya mapipa matupu ili yasioze. Pipa lisilosafishwa vizuri linaweza kuacha katika wiski harufu ya njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi, ao mbaya zaidi, ya yai viza. Na wiski ikisahauliwa humo kupita kiasi, rai inazama kabisa, kinabaki kinywaji kizito cha tunda ambacho mtu asingekitambua kama kimetoka kwenye nafaka. Kwa sababu hiyo wapikaji makini huonja kila wiki, pipa moja baada ya lingine.

Jinsi ya kuionja

Anayeonja kwa kazi hahitaji vifaa vingi. Glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, sentilita mbili ao tatu za wiski, maji safi pembeni, na chombo cha kutemea. Hilo la kutema wengi hulisahau, lakini mwenye kuonja aina kumi za asilimia 50 asubuhi moja bila kutema hataweza kuhukumu hata ya nne.

Rangi inatazamwa lakini haiaminiwi. Wekundu unasema tu kwamba divai ilikuwapo. Hausemi ilifanya kazi gani. Kisha glasi inaachwa dakika kumi hivi. Pua haiingizwi ndani kabisa: inakaa juu ya ukingo, mdomo ukiwa wazi kidogo, ili alkoli isichome.

Kinachopanda kwanza karibu kila mara ni divai. Katika porto kuna zabibu kavu, jamu, cheri zilizoiva sana. Katika sherry kuna karanga na tunda lililokaushwa. Katika divai nyekundu ya kawaida tunda linakuwa chachu zaidi, lenye ukakasi. Mnywaji wa mara ya kwanza hufurahi hapo na kuacha kutafuta. Mwonjaji anangoja hadi vazi hilo lisogee, anatafuta mwili ulioko chini. Karafuu iko? Pilipili manga iko? Kama chini ya jamu kuna harufu ya unga mbichi, majani yaliyokatwa na gundi, basi pombe ilihamishwa kabla haijawa tayari, na divai iliitwa kuja kuficha.

Mdomoni, mfunyo wa kwanza ni wa kuamsha ulimi tu na hauhesabiwi. Wa pili ndio unaohukumiwa, na sehemu ya kutazama ni katikati. Rai changa iliyofichwa vibaya ina tabia yake: utamu mwanzoni, shimo katikati, kisha moto kooni. Tunda linaaga, nafaka haifiki, na alkoli inabaki peke yake. Ile iliyofanywa vizuri inapita bila pengo. Utamu wa porto unashikwa na ukali wa rai kabla haujachosha, ukakasi wa mti wa Ulaya unaukaza kama chumvi inavyokaza mchuzi, na mwishoni pilipili manga inarudi na kukaa.

Ujana peke yake hauharibu. Kuna rai za miaka miwili zenye uhai ambao zile za miaka kumi zimeupoteza chini ya uzito wa mbao, na katika hizo tunda la divai linafanya kazi kama ndimu juu ya sambaza za kukaanga: linaamsha kile kilichokuwapo. Lakini lazima kiwepo.

Matone machache ya maji ni mtihani mwingine. Yanashusha nguvu ya alkoli na kubadilisha harufu inayopanda. Wiski yenye mwili inafunguka, viungo vinatokea. Ile iliyojengwa juu ya divai tu inalegea na kuwa kama sirapu iliyozidishiwa maji. Na mtihani ulio bora kuliko yote, kwa yule anayeweza kuulipia, ni kuweka pembeni rai ya kampuni ileile ambayo haikupita katika pipa la pili, na kuzionja zote mbili bila kujua ipi ni ipi. Kama ile ya kawaida ni tupu, ile ya porto inauza porto.

Mapipa ao chupa ya divai?

Kuna njia fupi zaidi, na ni halali: kumimina divai moja kwa moja. Canada inaruhusu wiski yake kuongezwa pombe nyingine ao divai mpaka asilimia 9.09, yaani sehemu moja kwa kumi na moja. Kuna rai ya Alberta inayotangaza bila aibu kwamba ndani yake kuna bourbon asilimia 8 na sherry asilimia 1. Marekani nayo, katika wiski za mchanganyiko, inaruhusu mpaka asilimia 2.5 ya vitu vya kulainisha ladha, sherry ikiwa mojawapo. Mwaka wa 2017 Basil Hayden's ilitoa rai nyeusi yenye porto ya California ndani, na ikaandika hivyo kwenye chupa.

Watu wa mapipa huwatazama hao kwa dharau. Dharau hiyo haina msingi mkubwa. Anayemimina kijiko cha porto na kusema amemimina ni mkweli kuliko anayeingiza wiski katika pipa lililojaa divai kwenye mbao zake, kisha anazungumza juu ya siri za mti.

Ukweli wa lebo umekwisha kufika mahakamani. Templeton Rye ilijulikana kwa hadithi ya Iowa na ya miaka ya marufuku, huku pombe yake ikipikwa Indiana, katika kiwanda kilekile cha Lawrenceburg. Wateja walishitaki, na mwaka wa 2015 kampuni ilikubali kuwarudishia wanunuzi sehemu ya pesa na kubadilisha lebo yake. Kununua pombe ya Lawrenceburg si kosa. Nyingi kati ya rai zinazosifiwa zilianzia huko, na kumalizia katika mapipa ya divai ni njia mojawapo ya kampuni ndogo kuweka alama yake juu ya pombe ambayo wengine pia wameinunua. Lakini sheria inataka jimbo ilipopikwa litajwe kama ni tofauti na lile lililo kwenye anwani.

Kwa nini basi wasingoje? Jibu liko katika ghala. Kila mwaka sehemu ya pipa inapotea hewani, Scotland asilimia karibu 2, Kentucky zaidi, kwa sababu ya joto. Kiwanda kidogo kilichokopa benki kinalipa riba wakati mapipa yake yamelala bila kuingiza hata senti moja. Soko nalo limegeuka. Mwanzoni mwa 2025, Kentucky peke yake ilikuwa na mapipa zaidi ya milioni 16 yakingoja, na mwezi wa tatu wa mwaka huo, kwa sababu ya vita vya ushuru, majimbo ya Canada kama Ontario yaliondoa pombe za Marekani kwenye rafu zao. Wale wakubwa wanaweza kupunguza moto na kungoja. Mdogo mwenye rai ya miezi 30 lazima auze, na chupa yenye neno porto juu yake inauzika kwa haraka na kwa bei iliyo juu kidogo.

Hilo linaeleza lakini halimlazimishi mnunuzi. Anayesimama mbele ya rafu na dola 60 mkononi ana mistari minne ya kusoma kabla ya kulipa: umri, jimbo ilipopikwa, asilimia ya alkoli, na neno lile dogo linalosema kama wiski ilikaa ndani ya pipa la divai ao ilichanganywa na divai. Chupa isiyotaja jina la divai wala aina ya pipa, ikasema tu “mapipa ya divai”, inamwachia mnunuzi kukisia, na porto na Cabernet hazifanyi kazi moja.

Waonjaji wengine wana desturi ya kuiacha glasi tupu mezani mpaka kesho yake asubuhi, bila kuiosha. Alkoli imekwisha kuruka, na pamoja nayo sehemu kubwa ya tunda. Wanainusa kabla ya kahawa, wanaandika mstari mmoja katika daftari, na mara nyingi mstari huo ndio unaobadilisha alama waliyoitoa jana usiku.